Kifuko cha Mchanga cha Khamisa

Kila asubuhi, kabla Baba Abdulghani hajafungua duka lake karibu na stesheni ya Voi, Khamisa alifagia kibaraza, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha akakimbia mtoni na ndoo yake. Alikuwa msichana wa mbio. Mwaka ule wa 1924 ndipo paja lake la kulia lilipovimba, likawa gumu kama gogo.

Bibi yake, Mwanaesha, alimkanda kwa mafuta ya nazi, lakini homa haikushuka. Mwishowe Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, kwa Daktari Pereira. Mgoa yule, mtu wa Goa kule Uhindi, hakuwa na maneno mengi, lakini maswali yake hayakuisha. Alilipasua paja, akatoa bakuli zima la usaha, kisha akachukua tone moja akaliinamia kwenye hadubini mpaka chai yake ikapoa.

"Vijidudu vimeingia ndani ya msuli," alimwambia Baba. "Ugonjwa huu ni wa nadra, na vitabu vyangu havisemi mengi juu yake. Nataka kujua msuli ulioharibika hivi unaponaje. Nikishajua, nitawaandikia madaktari wenzangu."

Kidonda kilipoanza kufunga, goti nalo likaanza kujikunja. Daktari akampa Khamisa kifuko cha mchanga. Asubuhi na alasiri alale kifudifudi, mguu utokeze nje ya kitanda, kifuko kifungwe kwenye kifundo cha mguu kiuvute msuli.

"Utauma," alisema. "Lakini usipounyoosha sasa, utabaki umekunjika."

Uliuma kupita kiasi. Siku ya kwanza Khamisa alipiga mayowe hata wateja wa dukani wakaacha kununua. Siku ya pili, Bibi alikifungua kifuko kwa mikono yake mwenyewe.

"Mtoto keshateseka vya kutosha," alinong'ona. "Pumzika, mjukuu wangu. Mungu ataunyoosha."

Tangu siku hiyo kifuko kikawa cha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Baba alishinda dukani, hakujua lolote.

Kila walipokwenda zahanati, daktari aliuliza, "Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya, Bwana Daktari."

"Hakosi hata siku moja," Bibi aliongezea kwa adabu. Aliona ni aibu kumvunja moyo daktari aliyejitahidi kiasi hicho. Daktari aliupima mguu, akakunja uso. Goti lilizidi kujikunja, naye hakuelewa kwa nini.

Ndipo akaletwa Gertrude, binti ya Danson, mfanyakazi wa reli aliyetoka milimani Taita. Ugonjwa ulikuwa ule ule, paja ni lile lile. Alipopasuliwa na kidonda kuanza kufunga, Danson aliuliza kama binti yake naye atapewa mchanga.

"Hapana," alijibu Daktari Pereira, akimwonyesha Khamisa aliyekuwa amekaa benchini. "Yule amefanya mazoezi na mguu wake umeharibika zaidi. Nadhani kuuvuta msuli ndiko kunakouumiza. Mguu wa binti yako upumzishwe tu."

Khamisa alifungua kinywa aseme. Bibi alimbana mkono, naye akanyamaza. Kilikuwa kimya cha kuchukiza, na yeye mwenyewe alijua.

Majuma yakapita. Siku moja alimkuta Gertrude kwenye benchi lile lile, akijaribu kuukanyagisha mguu chini. Kisigino hakikufika sakafuni.

"Nimepumzika kama alivyosema daktari," Gertrude alisema. "Hata maji naletewa. Mbona mguu haunyooki? Nitapandaje milima ya kwetu na mguu huu?"

Khamisa hakuweza kumtazama. Aliinuka, akachechemea hadi kwa daktari, Bibi akimfuata nyuma akimwita.

"Bwana Daktari, nilikudanganya. Kifuko nilikifunga siku moja tu."

"Nilikifungua mimi," Bibi alisema. "Nilimwonea huruma."

Daktari aliuma midomo. "Nilikuwa karibu kuwaandikia wenzangu wote kwamba mazoezi yanadhuru," alisema. "Nani ajuaye ni watoto wangapi wangelemaa kwa neno lako moja?"

Siku hiyo hiyo Gertrude alipewa kifuko. Alilia, Danson akilia naye, lakini hakukifungua. Khamisa pia alikirudia chake, akauma mto kwa meno. Lakini yeye alikuwa amechelewa. Ndani ya paja kovu lilikuwa limekwisha kukakamaa.

Mvua zilipokwisha, Gertrude alipita dukani kuaga. Alisimama wima kwa miguu yake miwili, akashika njia ya milimani na baba yake. Khamisa alimsindikiza kwa macho, ameegemea fimbo. Alimwonea wivu, na wivu huo ulimchoma kuliko kidonda.

Bibi alikuja akakaa kando yake.

"Nilikupunguzia maumivu ya siku chache, nikakupa ya maisha," alisema huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Nisamehe, mjukuu wangu. Na ulijue hili: daktari akikuuliza, mwambie kweli, hata kama itamuudhi. Jibu lako si lako peke yako. Kuna mwenzako nyuma yako benchini, na atatibiwa kwa jibu hilo."

Khamisa aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua ufagio, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akaanza kufagia kibaraza.