Maji ya Breki Hayasemi Uongo

Saa nne asubuhi, mbele ya mnunuzi, injini ya marehemu mwenye karakana ilipimwa ikakutwa imepungua nguvu nusu nzima. Mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa anaiuza, hakungoja. Aliita mpelelezi, akamnyooshea kidole Grisi, fundi wa karakana: eti kaihujumu makusudi kwa sababu karakana inafungwa. Usipopatikana ushahidi mwingine, jioni Grisi angelala ndani.

Mpelelezi, mama asiyependa porojo, alitaka kipimo kirudiwe. Breki ya kupimia nguvu ya injini, wataalamu huiita dainamomita, ni kamba tu iliyozungushwa kwenye gurudumu la injini. Ncha moja inaning'iniza vyuma vya kilo arobaini, nyingine imefungwa kwenye mizani ya springi. Ukitoa namba ya mizani kwenye arobaini, kinachobaki ndicho injini inachopambana nacho. Zidisha kwa mwendo wa gurudumu, unapata kazi ya kila sekunde.

Mizani ilisoma ishirini na tano. Zikabaki kilo kumi na tano, kama niutoni mia na hamsini; mara mita kumi kwa sekunde, kilowati moja na nusu. Enzi za marehemu, kwa mwendo uleule, mizani ilisoma kumi na injini ikatoa kilowati tatu. Mdogo wa marehemu akakunja mikono kama aliyeshinda kesi.

Mpelelezi alikuwa anatazama maji ya kupozea gurudumu. Kazi inayoliwa na breki haipotei, inageuka joto. Alimwuliza Grisi huwa yanachemka baada ya muda gani. Enzi za marehemu, dakika kumi, akajibiwa. Na dakika ya kumi ilipofika, mvuke huo.

"Injini iliyopungua nusu ingechukua muda mara mbili," alisema. "Injini ni nzima. Mgonjwa ni mizani."

Basi ni mnunuzi, mdogo wa marehemu akadakia, anataka kushusha bei! Lakini mnunuzi hakuwahi kukanyaga pale kabla ya asubuhi ile. Mizani ikafunguliwa: springi imebadilishwa, imewekwa laini zaidi, inayovutika upesi na kusoma kilo nyingi kuliko zilizopo, na mshale umerudishwa sifuri kwa ustadi. Mpelelezi akauliza nani alizoea kuishika.

Grisi alitazama mlangoni. Mjane wa marehemu, aliyesimama hapo, ndiye aliyejibu.

"Mimi. Miaka yote nilimsomea mume wangu namba, yeye akipiga hesabu. Injini ikinguruma namsikia yupo. Nimemkumbuka jamani, nimemkumbuka mpaka basi. Nikasema wakiiona mbovu wataniachia. Sikujua watamshika mtoto wa watu. Nisamehe, Grisi."

Grisi alifuta mikono, akamsogelea.

"Mama, si ungeniambia? Hata mimi namkumbuka."

Mdogo wa marehemu alitazama chini. Bei ya injini ilikuwa imeshakubaliwa na lori lipo nje, ila mnunuzi alisema hana haraka. Springi ya zamani ikarudishwa, Grisi akawasha. Mjane akavuta stuli hadi kwenye mizani.

"Kumi," akasoma, ingawa hakuna aliyeuliza. "Bado kumi."

Hakuna aliyethubutu kuizima. Waliiacha ingurume mpaka mafuta yakaisha yenyewe.