Blanketi la Irine

Rispa wa Uriri hakuwa na mchezo na uchafu. Kabla jua halijapanda, watoto wameoga na ua limefagiliwa. Majirani walimtania kwamba hata kuku wake hunawa miguu.

Lakini mwaka ule wa 1996, mahindi yalipotoa mbelewele, yale maua ya juu, bintiye Irine alianza tena. Chafya mfululizo. Macho mekundu, yanawasha. Pua inatiririka maji. Usiku hapati usingizi, darasani anasinzia.

"Mama Irine, boma hili linamkataa mtoto," alisema Walter, mumewe. "Mwaka jana aliugua hivi hivi. Tukampeleka Karungu, kule ziwani, kwa dada yangu Liz, akapona. Safari hii ahamie huko kabisa. Liz anakuja Jumamosi kumchukua."

Moyo ulimuuma Rispa. Mtoto wa darasa la tatu atolewe kwao kwa sababu ya chafya? Kila asubuhi alilikung'uta blanketi la Irine, akalitandaza juani, juu ya majani marefu kando ya shamba. Ajabu ni kwamba kadiri alivyolianika, ndivyo mtoto alivyozidi kuumwa.

Ijumaa alimpeleka zahanati. Muuguzi, Sista Bhoke, alimpima joto na kusikiliza kifua.

"Hana homa, na kifua ni safi. Hii ni aleji, mama. Haiambukizi."

"Sista, nani amemfanyia uchawi huu?"

"Hakuna mtu. Ni maua. Majani na mahindi yakichanua hutoa unga mdogo sana, unaitwa chavua. Upepo unaubeba. Sasa, mwili uko na askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wa Irine wakiona chavua, wanafikiri ni adui. Wanaanza vita. Hiyo vita ndiyo inaleta kamasi na kuwasha. Wewe na mimi tunavuta chavua hiyo hiyo, lakini askari wetu wanatulia."

"Mbona Karungu alipona?"

"Upepo wa ziwa hauna chavua nyingi. Na huko shangazi yake anaanika wapi?"

"Kwa kamba."

"Na wewe?"

"Juu ya majani..." Rispa akashika mdomo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Sista Bhoke, bila kumcheka.

Rispa alitaka kulia. Bidii yake yote ndiyo iliyokuwa ikimtesa mtoto.

"Hukujua, mama. Fua hiyo blanketi, uianike ndani. Funga dirisha upepo ukivuma. Jioni anawe uso na abadili nguo. Dawa hii umpe vile nimeandika hapa, usizidishe. Lakini akipumua kwa shida, ama kifua kikilia, usingoje. Mlete hospitali mara moja."

Rispa alifuata yote. Walter alipoelezwa, alikuna kichwa, akachukua panga, akafyeka majani yaliyokaribia dirisha.

Liz alipofika, Rispa alimsihi akae siku chache kwanza, waone kama mtoto atapata nafuu. Chafya hazikuisha kabisa, kwa maana aleji haifukuzwi, mtu huishi nayo kwa akili. Lakini zilipungua, na Irine akaanza kulala usiku kucha.

Asubuhi ya kuondoka, Liz alisimama mlangoni na mfuko wake.

"Haya, kaka. Mtoto yuko wapi twende?"

"Yuko shule," alisema Walter. "Nenda salama, dada. Huyu ni wa hapa."

Rispa aligeukia ukuta, machozi ya furaha yakamtoka.