Vikapu Vilivyofunikwa Kifudifudi

Saa moja kasoro robo, Ijumaa asubuhi, Mama Augustine alifungua mlango wa depo ya Chambre akapiga ukelele uliowatoa watu vitandani hadi barabara ya pili.

"Samaki yangu! Batu ya Makiso, mukuye! Samaki yangu iko wapi?"

Wa kwanza kufika alikuwa Zaina, maana popote penye kelele Zaina ndiye wa kwanza kufika. Alikuwa mtumishi wa Chemba ya Biashara ya Mito Miwili, ambayo Kisangani nzima inaiita Chambre tu. Kazi yake ni kuzunguka Makiso, Mangobo hadi Kabondo, duka kwa duka: huyu amsaidie kupata karatasi za serikali, yule amtafutie mnunuzi, wale waliogombana awapatanishe juu ya sahani ya lituma, ndizi za kupondwa. Mdomo wake haupumziki, na macho yake ndiyo kabisa.

Na samaki wenyewe, jamani, hawakuwa wa kitoweo! Akina mama wa Isangi walikuwa wamewakausha kwa moshi, wakawapanga vikapuni, wakampa Augustine awalete kwa mtumbwi. Saa nane mchana foire, maonyesho ya biashara ya Chambre, ingefunguliwa. Bwana Hubert, mnunuzi wa mahoteli ya Kinshasa, angepita kuonja, na akiwapenda, akina mama wale wangekuwa na soko mwaka mzima. Asipokuta kitu, jioni anapanda ndege yake, basi.

"Ni miye njo niliambia bamama baache kuuzia balanguzi wa mtoni," Augustine alilia, ameshika kichwa. "Nitarudia Isangi na uso gani?"

"Utarudia na contrat ya Bwana Hubert," Zaina alimjibu. "Simama pale, usiguse kitu. Acha nione."

Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena vizuri. Ufunguo wenyewe hutundikwa msumarini, kwenye baraza ya ofisi, na kila mtu wa Chambre anaujua msumari huo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bati la depo lilivuja pale pale juu ya mzigo wa Augustine. Sakafu ilikuwa na maji. Lakini ajabu ni hii: vikapu vilikuwepo! Mwizi aliwatoa samaki, akaacha vikapu vimelowa. Tena hakuvitupa ovyo. Alivifunika kifudifudi juu ya mbao, midomo chini, na majani ya kufunikia akayatandaza juu ya mifuko ya saruji.

"Mama Augustine, ni weye njo uligeuza hivi vikapu?"

"Miye? Sijagusa hata kimoja. Nilifungua tu, nikalia."

Nje wapishi wa banda la chakula nao walikuwa na kesi yao: fungu lao la kuni kavu, waliloliweka barazani, halionekani. Kuni kavu asubuhi ya mvua! Walitukana mpaka wakachoka, na hakuna aliyewasikiliza, maana nani ahangaike na kuni wakati samaki wameibwa?

René, kijana anayepanga mabanda ya foire, alikuja mbio kutoka uwanjani. Macho yalikuwa mekundu. Zaina alimnyooshea mkono, naye akakunja kiganja, akampa kifundo cha mkono ashike, kama tunavyofanya mkono ukiwa mchafu.

"Unisamehe, yaya, dada mkubwa. Niko na mafuta ya pikipiki."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia. Ni mubaya sana." Akamtazama Augustine, kisha akatazama chini. "Lakini Chambre itamutafutia ingine, hapana? Chambre inasaidiaka sana benye kuwa na karatasi."

Akarudi kwenye misumari yake.

Hapo ndipo Papa Ignace alipoingia, tumbo mbele, simu sikioni. Mzee huyu wa Butembo ndiye muuzaji mkubwa mjini wa mpiodi, samaki wa baharini wa barafu, na kila mtu aliyekuwa depo aliwaza jambo lile lile. Augustine hakuwaza tu, alisema.

"Huyu hapa! Anaogopa samaki ya mto itaua mpiodi yake! Lori yake ilikuwa hapa alfajiri, batu baliiona!"

"Eeh! Miye mwizi?" Ignace alikata simu. "Zaina, unasikia matusi hiyi?"

"Nasikia, papa. Na lori nayo nimesikia. Ilikuwa inafanya nini?"

"Ilileta viti! Viti vya foire, yenye nimekopesha Chambre bila kulipwa hata maji ya kunywa! Nenda uone, viko uwanjani, vimelowa!"

Zaina alichungulia dirishani. Viti vilikuwepo, safu kwa safu, vinavuja maji. Hata hivyo lori linaloleta viti linaweza kuondoka na samaki. Akarudi kwa mzee na swali ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Papa Ignace, kikapu chako kikilowana, unafanyaka nini?"

"Kikapu?" Mzee alikunja uso. "Natupa! Nanunua kingine. Bon, miye natumiaka carton. Swali gani hii?"

Augustine, pamoja na machozi yake yote, alicheka. "Kutupa! Kikapu unakifunika kinywa chini, mafundo yake ipumue. Na majani unatandaza, maana majani ikilala na maji inaoza na samaki inaoza nayo. Hata mutoto wa Isangi anajua."

"Njo maana nakuuliza," Zaina alisema. "Mwizi alikuwa na haraka, gizani, mvua inanyesha. Lakini alisimama akafunika vikapu vya mwenzake. Mutu wa barafu hawezi kufanya vile. Papa Ignace, unisamehe."

"Nitasamehe foire ikiisha," Ignace alinung'unika, lakini hakuondoka. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kunogewa.

Basi macho yote yakamgeukia Élie, mlinzi wa usiku. Masikini Élie! Kwao ni Isangi, na jasho lilimtoka kabla hajaulizwa.

"Mvua ilipoanza ulikuwa wapi?" Zaina alimuuliza.

"Nilikimbilia baraza ya farmasi, pale ng'ambo ya barabara."

"Ukaacha depo?"

"Yaya, ilikuwa mvua ya kuua! Nilikaa na bamama ya mikate mpaka kumekucha. Ubaulize."

Waliulizwa. Watatu, na wote wakaapa: Élie hakunyanyua hata mguu, alikula mikate yao miwili na kukoroma juu yake.

"Na kumekucha, nani alifika wa kwanza?"

"Lori ya papa, ikamwaga viti ikaenda. Kisha René. Alishuka kwa toleka, nikamuchekelea, tangu pikipiki yake ilale kwa mekanisyen juma mzima anapandaka baiskeli kama siye batu wadogo."

Zaina alikitazama kiganja chake mwenyewe.

Juma zima pikipiki iko kwa fundi, sasa yale mafuta ya pikipiki aliyashika wapi? Kifundo cha mkono alichopewa kilikuwa safi. Kiganja ndicho kilichofichwa. Na kwa nini mtu afiche kiganja mbele ya watu wanaojua harufu ya samaki kuliko harufu ya nyumba zao?

"Mama Augustine," alisema polepole, "samaki yenye kuguswa na maji ya mvua, inaweza kungojea mpaka saa nane?"

"Kungojea? Haiwezi! Itaota ukungu. Lazima irudi juu ya moto asubuhi hii hii, tena moto ya kuni kavu."

Kuni kavu! Wapishi waliolia bure tangu asubuhi! Na mama yake René, si kazi yake ni kukausha samaki? Zaina alipiga kofi la mikono miwili.

"Twende! Papa Ignace, weye pia. Kuna mutu anakausha samaki yako sasa hivi, Mama Augustine, na najua ni wapi. Élie! Umwambie René namuita kwa mama yake. Neno hilo tu."

Safari ile mji bado unaisimulia. Zaina juu ya toleka moja, Augustine juu ya nyingine akimpiga kijana mgongoni, "Kanyaga, mutoto wangu, kanyaga!", matope yakiruka hadi kwenye vilemba. Nyuma yao jeep ya Papa Ignace ilipiga honi mpaka ikazama kwenye shimo, naye mzee akashuka, akavua viatu, akasimamisha toleka ya tatu. Walivuka mji hadi commune ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe, wakateremka kuelekea mtoni.

Mama yake René, Mama Chantal wa Yanonge, aliishi kwenye kibanda mwisho wa kilima. Nyuma yake moshi mwembamba ulipanda. Waliingia uani, na hapo walikuwa: samaki wa Isangi, wote, wamepangwa juu ya kichanja kwa ukubwa wao, mama mzee akiwageuza mmoja mmoja.

Augustine alifungua mdomo apige kelele. Kelele haikutoka, kwa sababu mama mzee alikuwa amemwona Zaina na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Mama ya Chambre! Karibu, karibu!" Alijifuta mikono kwa kitenge. "Ile siku uliniambia dossier yangu ya karatasi haikamilike, siwezi kupata stand, meza ya foire, nililia, sitakuficha. Nikasema, nimezeeka, banisahau. Kumbe munanikumbuka! René ameniletea samaki na mvua yote, anasema Chambre inanipa kazi, nikaushie foire. Uone! Iko muzuri?"

Zaina alitamani ardhi ipasuke. Dossier ile aliikumbuka. Ilikosa karatasi moja, naye akairudisha bila hata kumwambia mama wa watu aende mlango gani kuitafuta.

"Iko muzuri, mama," alijibu. "Iko muzuri sana."

Hatua zilisikika nyuma. René alikuwa amesimama kwenye pengo la ua, anahema. Aliwaona wote watatu, akaona kichanja, akajua.

"Tutoke inje, yaya," alisema. "Tafazali. Si mbele yake."

"Mbele yangu nini?" mama yake aliuliza.

Zaina akasema kwa sauti ya chini, "René, ulinipa kifundo cha mukono asubuhi. Ulisema ni mafuta ya pikipiki, na pikipiki yako inalala kwa fundi. Ulichukua ufunguo kwa msumari, ukabeba na kuni ya bapishi. Ungetupa vikapu tu, tungekuwa tunamukamata Papa Ignace mpaka sasa. Lakini weye ni mutoto wa samaki. Mikono yako ilifunika vikapu bila kukuuliza."

René alikaa chini kwenye matope.

"Saa nane ningeileta kwa Bwana Hubert kwa jina ya mama," alisema. "Ikisha kupita moshi ya mama, hata mwenyewe hangeitambua. Miaka makumi tatu mama anakausha samaki, yaya. Ameninunulia vitabu na moshi hiyi. Na Chambre inamufukuza juu ya karatasi moja, halafu inaniambia miye nipigilie misumari kwa stand ya bengine!"

"Na siye ba Isangi tulikufanya nini?" Augustine alifoka. "Sisi hatuna batoto? Kwani tulikuibia mama yako?"

René aliuficha uso kwa viganja vile vile.

Mama Chantal alikuwa ameweka kijiti chake chini. Cheko lilikuwa limekwisha usoni, na lilivyokwisha, heri asingecheka tangu mwanzo.

"Hiyi samaki ni ya huyu mama?"

"Ndiyo, mama."

"Na mikono yangu iko ndani." Alitazama viganja vyake. Kisha akamgeukia Augustine. "Mama, bado haijakauka upande wa tumbo. Ukiibeba sasa itaharibika. Unipe muda kidogo nimalize, kisha huyu atabeba. Kichwani, na miguu yake, mpaka mbele ya batu."

Papa Ignace, aliyekuwa ameshika viatu mkononi, alitaka kusema neno juu ya polisi. Augustine alimzuia. Akavua kilemba, akachuchumaa upande wa pili wa kichanja, akaanza kugeuza. Wanawake wawili walifanya kazi pamoja. René aliwaletea kuni.

Kabla ya saa nane, watu wa foire walimwona René akipanda kilima na beseni kubwa kichwani, akafuata jingine, na jingine, mpaka meza ya Isangi ikajaa. Alipomaliza alimwendea Papa Ignace, akasema, "Papa, unipeleke sasa," nao wakaenda polisi.

Bwana Hubert alivunja kipande, akatafuna, akavunja cha pili kabla ya kumeza cha kwanza. "Alors! Nani alifanya hii?"

Augustine angeweza kunyamaza. Nani angejua? "Ilianza Isangi," alisema, akimvuta mbele Mama Chantal aliyekuja nao, "lakini moto wa mwisho ni wa mama huyu, wa Yanonge. Kama unataka hii, utanunua kwetu na kwake." Hubert alisaini pale pale, juu ya meza yenye mafuta, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mahema yakatikisika!

Zaina alimshika mkono Mama Chantal. "Mama, karatasi ile tutaitafuta pamoja, miye na weye, lundi, Jumatatu asubuhi. Leo ukae hapa kwa meza. Ni nafasi yako."

"Lundi nitakuya," mama mzee alisema. "Leo siwezi kukaa." Akamgeukia Augustine, akafungua fundo la kitenge chake. "Mama, uniuzie samaki moja."

"Chukua tu, mama! Chukua mbili!"

"Hapana. Uniuzie."

Augustine akamuuzia. Mama Chantal akamfunga samaki kwa jani pamoja na ndizi mbili za makemba, akauliza njia, akaenda kumpelekea mtoto wake chakula kule polisi.