Hewa Iingie, Mwanga Usiingie

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza. Ikalia tena.

Bakili aliweka chini nyundo ya mbao, akainua mkono wa simu.

"Karakana ya bati, Gerezani."

"Mteja wa Mtaa wa Sikukuu anataka bomba la hewa," ilisema sauti ya Mzee, mkuu wake. "Leo hii."

"Nimtengenezee zuri?"

"Zuri kabisa. Ila picha zisitoke."

"Na mteja mwenyewe?"

"Asiguswe. Akiharibikiwa atamkimbilia mtu. Huyo mtu ndiye tunayemtaka."

Simu ikakatika.

Gerezani nzima ilimjua Bakili kuwa fundi wa ndoo na karai. Idara ya Usalama ilimjua kwa kazi nyingine, na kwa kazi hiyo bastola yake aina ya Walther ilikaa chini ya makoleo, kwenye sanduku la vifaa.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Tarishi mmoja wa wakoloni wa ng'ambo ya Ruvuma alikuwa amenaswa uwanja wa ndege. Alisema machache: kuna mtu Kariakoo anasafisha picha za wapigania uhuru wanaoondoka Dar kurudi vitani. Nyuso zao zikitangulia kufika ng'ambo, wao wenyewe wanapokelewa kwa risasi. Filamu mpya ilikuwa tayari mjini. Picha zake zilitakiwa kupanda ndege ya jioni, na humo ndani mlikuwa na uso wa Candida.

Candida alikuwa nesi. Kesho alfajiri angeondoka Ilala na shehena ya dawa, na majeruhi walikuwa wakimsubiri. Bakili alimfahamu, ndiye aliyewahi kumshona jeraha la bega bila ganzi huku akimtania. Wazo la mwanamke huyo kuuawa kwenye kichaka lilimkosesha usingizi, na hakuona haya kulikiri.

Kariakoo ina vyumba vingi kuliko siafu. Wangetafuta mpaka waote mvi, kama si Bi Zamda.

Bi Zamda alikuwa mwenye nyumba Mtaa wa Sikukuu, tena balozi wa nyumba kumi. Alikwenda kwenye tawi la chama kushtaki kwamba mpangaji wake anapika gongo. Chumba kinanuka siki, dirisha limepigiliwa mbao, na joto lote hili! Pale tawini walicheka. Mzee aliposikia hakucheka. Siki hainuki kwenye gongo, inanuka kwenye dawa za picha. Bi Zamda alikuwa ameshampa mpangaji neno la mwisho, atoe harufu au atoe virago. Mpangaji akaanza kuulizia fundi wa bomba la hewa, na Idara ikahakikisha fundi anayepatikana ni mmoja tu.

Kumkamata pale pale kungekuwa rahisi. Lakini aliyepiga picha hizo alitoka ndani ya kundi la Candida. Akishtuka atajificha kimya, na kesho atapanda gari moja naye.

* * *

Mpangaji aliitwa Augustino. Alijitambulisha kuwa wakala wa cherehani. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na kiunoni kitu kizito kimelivimbisha shati.

"Fundi, sikiliza vizuri. Nataka hewa. Sitaki mwanga. Hata wa kutosha kuona ukucha."

"Biashara gani hiyo, ndugu, ya kukaa gizani?"

"Nilikuita unihoji?"

"Nisamehe."

Chumba kilikuwa tanuri. Kwenye meza kulikuwa na mabeseni matatu ya dawa, taa nyekundu na mashine ya kukuzia picha. Pumzi ya kwanza ilimchoma Bakili puani. Ya pili ilimpa kizunguzungu.

Akafanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Chini ya mlango wa uani alitoboa tundu la kuingizia hewa, akalifunika kwa kisanduku cha bati chenye vizuizi, na kitambaa cha kuzuia vumbi. Juu ya beseni, upande wa pili, akapitisha bomba la kutolea mvuke, ili usimpitie mtu usoni. Bomba lilitoka moja kwa moja ukutani, na nje likapinda kwa viwiko viwili, kwa sababu hewa hukata kona na mwanga haukati. Ndani alilipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Mwisho akafunga feni ndogo ya Philips.

"Hii feni itazunguka muda wote?" aliuliza, kama mtu anayejali umeme wa watu.

"Nikifungua filamu nitaizima. Sitaki vumbi."

Bakili akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokitaka. Feni ikinyamaza, filamu iko wazi.

Augustino akajifungia kujaribu giza. Alikaa. Akaendelea kukaa. Bakili, uani, alijifanya anakusanya vipande vya bati.

"Fundi!"

Akaingia. Gizani, mdomo wa kitu baridi ulimgusa ubavuni.

"Kule juu. Ile nini?"

Nukta ya mwanga, ndogo kama punje ya mtama, ilikuwa pembeni mwa bomba.

"Simenti haijajaa, ndugu. Naiziba sasa hivi."

"Ziba. Halafu kaa hapo nje mpaka nimalize. Likitokea jingine, nakuita."

Jasho lilimtiririka Bakili mgongoni. Hakuwa anaigiza.

* * *

Jua la alasiri lilikuwa limeugeukia ukuta wa uani, kali, moja kwa moja. Kiwiko cha kwanza kilishikwa na skrubu nne. Bakili alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kulegeza. Moja. Ya pili. Ya tatu.

"Wewe fundi!" Bi Zamda alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Mbona unafungua ulichofunga?"

Bomba lile lilikuwa sikio. Kila neno la uani liliingia chumbani.

Ndani, kiti kilisogea.

"Nakaza, mama!" Bakili alipaza sauti. "Hii moja haijashika!"

"Unakaza kwa kuzungusha kushoto? Marehemu mume wangu alikuwa fundi reli, usinifanye mtoto!"

Kitasa kikacheza. Bakili alimwangalia yule mama machoni, akaweka kidole mdomoni, halafu kwa kidole hicho hicho akaonyesha chumba. Bi Zamda alitazama mlango. Akatazama kiwiko. Ubalozi wa nyumba kumi haugawiwi wajinga.

"Aah, kumbe hiyo ya juu," alisema kwa sauti kubwa. "Haya kaza, kaza. Macho yangu nayo siku hizi!"

Kitasa kikatulia.

Feni iliendelea kuunguruma. Iliunguruma. Iliunguruma.

Ikanyamaza.

Bakili akahesabu pumzi chache, za mtu kufungua mkebe na kuivuta filamu gizani. Kisha akang'oa kiwiko.

Jua likaingia chumbani.

Kelele iliyotoka mle ndani haikuwa ya mtu mzima. Mlango ulifunguliwa kwa teke, na Augustino akatoka macho mekundu, mkono chini ya shati. Alimkuta Bakili ameduwaa juu ya kinu, kiwiko mkononi.

"Skrubu imekatika, ndugu. Nilikuwa nakaza..."

Kofi likatua. Zito. Bakili angeweza kuuvunja mkono ule kabla haujarudi. Alishika shavu, akainama.

"Nisamehe, ndugu."

"Mafundi wa Gerezani wote washenzi! Potea!"

Akapotea.

* * *

Kona ya Msimbazi, alifungua sanduku la vifaa na kuinamia redio ya Motorola.

"Filamu imekufa," alisema.

"Mteja?"

"Anatoka sasa. Anakwenda mbio."

"Mfuate. Vijana wako nyuma yako."

Augustino alikata kulia, akapita kando ya soko jipya lililokuwa likijengwa, katikati ya matenga ya nyanya na wabeba mizigo. Alitazama nyuma mara mbili. Bakili alikuwa amejitwika bati kichwani, na mtu aliyebeba bati hana uso. Augustino akaingia kwenye hoteli ya chai.

Alimkuta mtu ameketi peke yake pembeni, ameuelekea ukuta.

Bakili alimtambua kabla hajageuka. Aliliweka bati chini, mlangoni.

Tarsis. Dereva wa msafara. Mdogo wake Candida, tumbo moja.

"Imeungua yote," Augustino alikuwa akinong'ona. Mkononi alikuwa na Minox, kamera ndogo kama kiberiti. "Piga tena jioni hii, wakipakia."

Tarsis akanyoosha mkono kuipokea. Bakili akavuta kiti, akaketi kati yao.

"Habari za jioni."

Mkono wa Augustino ulikimbilia kiunoni. Chai ya moto iliufikia kwanza. Bastola yake ya Browning ikaanguka chini ya meza, na alipoinama alikuta Walther ikimtazama usoni. Vijana wakaingia kwa milango yote miwili. Watu walitawanyika na vitumbua vyao.

Tarsis hakujaribu kukimbia.

"Waliniahidi watamkamata tu," alisema. "Hawatamwua. Nilitaka aache vita, kaka Bakili. Nimeshazika ndugu wawili."

"Ukawaamini?"

Tarsis akaanza kulia. Bakili alimchukia, na wakati huo huo alimhurumia, akaona afadhali kofi la Augustino.

* * *

Ilala, Candida alikuwa akifunga maboksi ya dawa kwa kamba. Alimwona Bakili peke yake, akaacha kufunga.

"Tarsis yuko wapi?"

Bakili alimweleza, kwa maneno machache.

Candida aliketi juu ya boksi. Kisha akasimama, akaishika kamba tena.

"Nani ataendesha?"

"Anaeli. Namwamini."

"Sawa." Alikaza fundo mpaka vidole vikawa vyeupe. "Mama yuko nje. Mwambie kwamba Tarsis ametangulia. Mimi nikimwambia, atanisoma usoni."

Bakili akatoka. Mama yao aliketi kibarazani akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tarsis hujakutana naye?"

Kwa miaka mingi Bakili alikuwa amewadanganya watu wenye bastola na macho makali, na ulimi wake haukuwahi kukwama.

"Ametangulia garini, mama. Alfajiri wanaondoka pamoja na dada yake."

"Afadhali," mama alisema. "Candida akiwa na mdogo wake, mimi nalala."

Bakili akainua sanduku lake la vifaa, akaenda zake taratibu kuelekea Gerezani, bila kugeuka.