Jina la Mama Katika Daftari la Imla

Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, Solmaz na mama yake walikwenda kupanga foleni ya mkate kwa mwokaji, Usta Heydar. Solmaz aliichukia foleni ile kuliko hesabu za sehemu. Hakuichukia kwa sababu ya baridi ya mji wa Karaj, ingawa theluji ilikuwa imeganda kando ya barabara na vidole vyake viliuma. Aliichukia kwa sababu pale mama alilazimika kufungua kinywa.

Nyumbani mama alisema Kituruki cha kijijini kwao, chini ya mlima Sabalan, na kwa Kituruki hakuna aliyemweza. Alikuwa na methali kwa kila kosa na jibu kwa kila mwenye kiburi. Lakini mjini watu walisema Kiajemi, na Kiajemi mama alikuwa amekianza mwezi mmoja tu uliopita, katika darasa la watu wazima lililofanyika kila alasiri kwenye ukumbi wa msikiti. Huko walifundishwa kwanza vitenzi vikavu, kama vilivyo kwenye kamusi: kwenda, kula, kutaka, kuandika. Namna ya kuvivika mtu na wakati ilikuwa bado. Basi mama alivitumia hivyo hivyo vikavu.

"Salamu, kaka," alimwambia Usta Heydar. "Mimi kutaka mikate mitatu. Jana kuungua. Leo vizuri kupika."

Usta Heydar alitabasamu chini ya masharubu yake yenye unga. "Sawa, dada! Leo vizuri kupika!"

Foleni nzima ikacheka. Mama naye akacheka, akautandaza mkate mezani na kuanza kubandua vijiwe vilivyonasa chini yake, maana mkate ule uliokwa juu ya changarawe ya moto tanurini. Solmaz hakucheka. Nyuma yao alikuwa amesimama Parnian, msichana wa darasa lake, pamoja na babu yake, na Parnian alikuwa ameziba mdomo kwa glavu.

Kesho yake, Solmaz alipoingia darasa la tano, alipokelewa kwa sauti.

"Solmaz kuja!" alisema Parnian. "Solmaz kuvua koti! Solmaz kukaa!"

"Solmaz mkate kula!" akaongeza mwingine, na walioketi nyuma wakapiga makofi.

Siku hiyo Solmaz alirudi nyumbani akauvurumisha mkoba wake ukutani. "Mama, sitakwenda tena nawe dukani. Ukitaka mkate, nyoosha vidole vitatu unyamaze!"

Mama alikuwa akichambua dengu. Hakuinua kichwa. "Mtoto anayejifunza kutembea akianguka, watu hucheka," alisema. "Lakini hakatwi miguu."

Solmaz alikwenda kukaa karibu na hita, akafungua daftari la imla. Hapo ndipo ilipokuwa siri yake.

Mwalimu Rastegar alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Kila jioni mzazi amsomee mwanawe ukurasa, mtoto aandike bila kutazama kitabu, kisha mzazi asahihishe, atoe alama kati ya ishirini na kutia saini. Baba yake Solmaz alikuwa fundi wa plasta kusini mwa nchi, na alirudi mara moja kwa mwezi. Mama hakujua kusoma. Tangu shule ilipofunguliwa Solmaz hakumwambia mama habari za sheria hiyo. Alinakili kutoka kitabuni, akajipa ishirini, na chini yake, kwa mwandiko alioulaza upande uonekane wa mtu mzima, akaandika: Gulsanam. Hilo lilikuwa jina la mama yake.

Mama akipita na birika la chai alimwona mwanawe amejiinamia. "Mungu akubariki, mwanangu, akufungulie akili," alisema kila mara. Dua hiyo ilimchoma Solmaz kama mwiba kwenye soksi. Lakini alizoea kutembea nao.

Wiki mbili baadaye mwalimu alisimama mbele ya darasa na karatasi mkononi. Shule ilikuwa ipeleke msichana mmoja kwenye mashindano ya imla ya wilaya. Alikuwa amejumlisha alama za darasani na za nyumbani.

"Parnian ni wa pili," alisema. "Aliyemzidi, kwa alama mbili tu, ni Solmaz."

Parnian aliinamisha uso. Kila mtu alijua kwamba babu yake alikuwa karani mstaafu na aliposahihisha imla yake hakumhurumia hata kwa nukta moja. Solmaz alimtazama na kujiambia moyoni, "Sasa cheka tena!"

Alikimbia nyumbani kumpa mama habari. Mama alifuta mikono kwenye aproni, macho yakang'aa. "Lete hilo daftari nami nilione. Nimeshajua herufi, ati!"

Solmaz alisita, kisha akampa. Alijiambia kwamba herufi za mwezi na nusu hazimfikishi mtu popote. Mama akakaa chini, akalaza daftari juu ya magoti na kupitisha kidole polepole. Kidole kikasimama chini ya ukurasa.

"Gu... l... sa... nam." Akasoma tena. "Gulsanam. Hili ni jina langu! Tumefundishwa kuliandika juzi." Akafunua ukurasa mwingine. Jina lilikuwepo. Akafunua mwingine, na mwingine, upesi zaidi. Tabasamu likamtoka usoni. "Solmaz. Mimi nilikuwa wapi nilipoandika haya yote?"

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Mama akafunga daftari, akaliweka juu ya mto kana kwamba ni kaa la moto, akaenda kutia udhu. Aliswali, na sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu mno. Alipoinuka, alikuja kukaa mbele ya Solmaz.

"Nimeswali kwanza. Bila hivyo, mkono wangu ungesema kabla ya ulimi. Sasa niambie."

Solmaz akaeleza: sheria ya mwalimu, kunakili, ishirini, saini. Na kadiri alivyoeleza ndivyo hasira ilivyompanda, hadi akapiga kelele. "Ningefanya nini? Ungenisomea wewe? Wewe hata mkate hujui kuomba! Darasa zima linanicheka kwa ajili yako!"

"Sijui, ndiyo!" Mama naye alipaza sauti, na vikombe vikalia kwenye sinia. "Sijui! Unadhani nakwenda kukaa na vikongwe kila alasiri, mikono imejaa chaki, kwa sababu napenda chaki? Nimekwenda kwa ajili ya daftari hili! Nilikuona unaandika peke yako kila jioni, nikamwomba Mungu anipe siku moja nikae pembeni yako nikusomee. Kumbe wewe umeshanizika ningali hai, ukarithi jina langu!"

Mama akalitazama tena daftari juu ya mto.

"Na huyo aliyekosa nafasi ni nani?"

"Parnian. Ndiye huyo anayekucheka, mama! Ndiye anayekuigiza!"

"Ananicheka, lakini hajaniibia. Wewe hukunicheka, umeniibia." Mama akavuta pumzi. "Kesho tunakwenda kwa mwalimu."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Tutakwenda wote. Kuna jina langu kule."

Usiku huo Solmaz alilala akiwa amegeukia ukuta. Alimkasirikia mama, akamkasirikia mwalimu na sheria yake, akamkasirikia Parnian na babu yake. Ilipokaribia alfajiri hakubaki mtu mwingine wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Asubuhi walisimama mlangoni mwa darasa, wasichana wote wakiwa wameshakaa. Mama alijitanda chador yake ya sherehe, shuka la kumfunika toka kichwani hadi miguuni, na daftari alilishika kwa mikono miwili.

"Salamu, mwalimu," alisema kwa Kiajemi. "Mimi kuja. Hii daftari, jina langu. Mimi kuandika, hapana. Mimi kusoma, hapana. Binti..." Akatafuta neno, asilipate. Shingo yake ikawa nyekundu. "Binti kusema."

"Kuja! Kusema!" mtu alinong'ona nyuma, na kicheko kikapita kwenye madawati kama upepo kwenye majani makavu.

Solmaz aligeuka.

"Nyamazeni! Mama yangu ana maneno kumi ya Kiajemi na yote kumi amesema kweli. Mimi ninayo maelfu na nimedanganya. Nilinakili kitabuni. Nilijipa alama mwenyewe. Saini zote niliandika mimi!"

Mwalimu Rastegar alivua miwani yake. Alikuwa mwanamke mpole, na kwa hiyo hasira yake ilitisha zaidi.

"Alama zako zote za nyumbani nimezifuta," alisema. "Wilayani atakwenda Parnian, maana nafasi ilikuwa yake tangu mwanzo. Nawe umekaa nayo siku nzima ukijua."

"Ndiyo, mwalimu."

"Parnian, usitabasamu. Ukimcheka tena mtu anayejifunza, ndani ya darasa hili au nje yake, nafasi hiyo itabaki wazi. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu," alisema Parnian, na tabasamu likazimika.

Kisha mwalimu akamgeukia mama, akasema polepole ili afahamike. "Mama Solmaz, nami nina kosa. Niliweka sheria bila kuuliza nani nyumbani anajua kusoma. Solmaz atabaki baada ya masomo, nimsomee mimi."

Mama alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Mimi kusoma. Kidogo kidogo. Mimi kutaka."

Jioni ile mama alichukua kitabu chake mwenyewe cha darasa la watu wazima, akakaa karibu na hita. Alisoma neno moja, akapumzika, akasoma la pili, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Solmaz aliandika. Lilikuwa jambo la ajabu kwake: bila kitabu mbele yake, maneno aliyodhani anayajua yalimponyoka. Zile "s" tatu za Kiajemi zenye sauti moja zilimchanganya, na makosa yake hakuona mahali pa kuyaficha.

Mama alisahihisha herufi baada ya herufi, kidole kimoja kwenye kitabu na kingine kwenye daftari, hadi chai ikapoa. Alipata makosa saba.

"Hili si kosa, mama! Tazama, ni sawasawa na kitabuni."

Mama akatazama, akafuata mstari mara mbili. "Kweli. Basi sita." Akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili Solmaz akacheka naye. Mama akaandika kumi na nne. Kisha, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo, akatia saini. Herufi zake zilikaa mbali mbali kama watu waliogombana, lakini zilikuwepo zote.

Kesho yake mwalimu alifungua ukurasa ule, akafungua na mmoja wa zile za ishirini, akainua daftari juu ili darasa zima lione.

"Tazameni, binti zangu," alisema. "Ishirini hii haina mwenyewe. Aliyeandika hakujifunza kitu, na aliyetajwa hakuwepo. Kumi na nne hii ina wenyewe wawili: mmoja amekubali kukosea, mwingine amekubali kuanza akiwa mtu mzima. Asiyejua kitu si mtu wa kuonewa haya, kwa sababu kila mjuzi alianzia hapo. Aibu ni kusema uongo ili usionekane unaanza."

Kisha akaukata ukurasa ule wa kumi na nne kwa uangalifu, akampa Solmaz.

Solmaz aliubandika jikoni, juu ya birika la chai. Tangu siku hiyo, kila mama alipomimina chai alisimama kidogo na kusoma kwa sauti maandishi ya chini ya ukurasa: jina lake, kwa mkono wake.