Daraja la Sifuri

Kisafishapumzi kilivuta hewa chafu ya mgodi wa Mwezini na kuirudisha safi, na kila baada ya sekunde kumi kilimpelekea taarifa Mtunza-Kumbukumbu, mfumo wa mjini unaoandika yote yanayotokea kwenye mashine. Leo kilikuwa kinakoroma. Mwamba ulikuwa umeporomoka, ukakata redio, ukawafungia ndani watu wawili: injinia Nasike na mchimbaji Sulubu, aliyepondwa kifua na jiwe.

"Waya wa mashine bado mzima," Nasike alisema. "Nitaandika programu fupi kwa lugha ya C. Itamwita Mtunza-Kumbukumbu na kumkabidhi maneno yetu."

"Atajibu?"

"Hajibu, mzee. Anapokea tu."

"Tuna hewa ya saa ngapi?"

"Tano." Zilikuwa tatu.

Akatuma: *Watu wawili hai, chumba cha nne.* Akatuma tena na tena. Saa nzima ikapita bila kusikia hata mlio wa keekee ya waokoaji ikitoboa mwamba. Ndipo alipoutazama tena mstari aliouandika, akaona kosa lake. Kila ujumbe hupewa daraja, kuanzia saba la mambo madogo hadi sifuri la hatari kuu. Yeye, kwa mazoea, alikuwa ameweka sita, taarifa ya kawaida. Wasimamizi wa zamu mjini huonyeshwa sifuri peke yake.

Akabadilisha tarakimu, akatuma upya.

"Niandikie na mimi," Sulubu alisema kwa taabu. "Mwambie Kadzo asiache kumeza dawa zake."

Nasike akaandika hayo pia, daraja la sifuri. Kisha akamshika mkono, akawa anamsemesha hata alipoacha kuitika.

Waokoaji walipotoboa ukuta, Sulubu alikuwa amekata roho nusu saa kabla.

Siku ya tatu Kadzo, mjane wake, alikuja ofisini. Nasike akamsomea maneno ya mumewe, kisha saa zilizoandikwa kando ya kila ujumbe.

"Wa kwanza ulifika saa nne," Kadzo alisema taratibu. "Mbona wameusoma saa tano?"

"Kuna kanuni, mama. Ujumbe wa kawaida hauonyeshwi, usiwachoshe walio zamu."

"Nani aliileta kanuni hiyo?"

Nasike angeweza kusema ni uongozi. Sahihi zilizoidhinisha kanuni zilikuwa za wakuu.

"Niliipendekeza mimi," alisema.