Miche Minane ya Hoho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alizunguka nyuma ya jiko kukagua miche yake minane ya pilipili hoho. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, na lilimkaa sawasawa, maana msichana huyo hakuweza kusubiri hata chai ipoe. Tuta lenyewe mama alikuwa amelitoa shingo upande, baada ya kung'oa mchicha wake.

"Hoho zikikushinda, narudisha mchicha wangu," mama alimwonya. "Na ile samadi ya kuku usiiguse. Bado mbichi. Iache ioze mwezi mzima."

Mwezi mzima! Kiherehere aliona huo ni uonevu. Jumamosi, mama alipokuwa kwenye zamu zahanati, alichota samadi bandani, akairundika kwenye mashina yote manane na kuifukia kwa udongo. Alijiona mjanja kweli.

Kufikia Jumatano, kingo za majani zilikuwa za kahawia, na miche imelegea ingawa udongo ulikuwa na maji. Mama alichuchumaa, akainua jani moja.

"Umeiwekea kitu chochote?"

"Hapana, mama. Maji tu," alijibu akitazama chini.

"Basi ina njaa. Ngoja nikaombe mbolea ya chumvichumvi kwa jirani."

Mama alirudi na kopo limejaa. Kiherehere alilitazama. Mbolea juu ya samadi mbichi ingezidi kuunguza mizizi! Akinyamaza, hoho zake zote zingekufa. Akisema, tuta lingekwenda. Mama akainamisha kopo.

"Mama, usimwage! Nilishaweka samadi. Ile mbichi. Nilikudanganya."

Mama aliweka kopo chini. "Lete ndoo za maji. Tufukue haraka."

Walikwangua samadi kwa vidole ili wasikate mizizi, wakamwagilia maji mengi, kisha wakarudishia udongo safi. Kaka yake aliziba pua mlangoni.

"Leo usinishikie sahani yangu!" alisema.

Miche miwili ilikufa, na Kiherehere aliilia waziwazi. Sita ilichipua upya. Baada ya wiki kadhaa ilitoa maua meupe, na hatimaye hoho za kijani, nono, zenye kung'aa. Siku ya kwanza ya kuchuma, Kiherehere alimkabidhi mama beseni la hoho.

"Sasa utapanda mchicha wako?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nipande wapi, na tuta lina mwenyewe?" mama alicheka. Kisha akawa makini. "Sikiliza, mwanangu. Zahanati napokea wagonjwa waliokunywa dawa kwa siri. Nikiwauliza, wanakataa. Nami nikiwaamini, naweza kuwapa dawa ya kuwadhuru. Kosa lako liliua miche miwili. Uongo wako ungeua yote, tena kwa mkono wangu. Ukikosea, niambie mapema, nijue pa kuanzia."

"Nitakuambia, mama," alisema Kiherehere, na safari hii alimtazama mama yake usoni.